LESO NI YA NANI? DHIDI YA ETIMOLOJIA INAYOJIFANYA UHAKIKI

Kumezuka katika idara zetu za Kiswahili desturi ambayo sasa imekomaa kiasi cha kuonekana kuwa ni sheria. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya majina ya leso hawezi kufika kwenye jina hata moja kabla ya kulipa ushuru wa kurasa kadha kwa Wareno. Atatueleza kwamba neno leso limetokana na lenço la Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkono au cha kichwa. Kwamba wanawake wa mwambao walinunua vitambaa hivyo kabla ya kukatwa, wakaviunganisha sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Na kwamba vazi hilo likaja kuitwa kanga kwa kuwa madoa yake yalifanana na ya ndege wa jina hilo. Kisha, bila ya kuvuta pumzi, huingia sura ya pili, 'Uainishaji wa Majina', na Mreno hasikiki tena mpaka hitimisho, anakorejeshwa ili kututhibitishia kwamba leso ni 'zao la mwingiliano wa tamaduni'. Wasimamizi huipitisha sura hiyo. Watahini huisifu kwa kuwa ina 'usuli wa kutosha'. Makala haya yanadai kwamba sura hiyo haina haja ya kuwemo. Mengi yaliyomo ni kweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo umetwikwa kazi usiyoiweza.

Tuanze na ukweli wenyewe, maana hatutaki kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaokana kila neno la kigeni kwa ajili ya uzalendo. Leso limetoka katika lenço, na ushahidi wa kifonolojia ni mzuri kuliko wengi wanaolirudia dai hilo wanavyojua. Kiswahili hakipendi nazali mbele ya konsonanti sighuna. Ubavu huzaa mbavu na udevu huzaa ndevu, lakini ufunguo huzaa funguo na ukuta huzaa kuta: nazali ya wingi imemezwa. Kanuni hiyo hiyo iliwashughulikia wageni. Neno la Kireno trunfo, la mchezo wa karata, liliingia likawa turufu. Nazali yake ilianguka mbele ya f kama ile ya lenço ilivyoanguka mbele ya s. Hili ndilo thibitisho, nalo halichukui zaidi ya aya moja. Mwanafunzi anayelihitaji na aliandike kwa aya moja, apite.

Swali ni je, likishathibitishwa, limetufundisha nini? Wareno walifika mwambao huu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698, wakairudia kwa muda mfupi, wakaondoka Mombasa moja kwa moja mwaka 1729. Vazi tunalolijadili ni la nusu ya pili ya karne ya 19. Kati ya Mreno wa mwisho na leso ya kwanza pana zaidi ya miaka mia moja. Basi aliyeliita vazi hilo leso hakuwa akikopa neno kwa Mreno; alikuwa akitumia neno la Kiswahili, alilolisikia kwa mama yake na nyanya yake, akalipa kazi mpya. Tendo la kulipa neno kazi mpya ndilo tukio la kifasihi katika historia hii yote, na ndilo ambalo sura ya 'usuli' haligusi kabisa. Humsifu aliyeleta kitambaa na neno, ikamsahau aliyevigeuza vyote viwili.

Kwa nini hatufanyi hivi kwa maneno mengine? Gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Historia yake ni ya kusisimua: kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome nzima ikaitwa kwa jina hilo, na chini ya Waingereza, kuanzia 1895 hadi 1958, ngome hiyo ya Mombasa ikawa mahali pa kufungia watu. Hata hivyo hakuna mhakiki wa tungo za kifungoni, awe anashughulikia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla au nyingine yoyote, anayeona lazima aanze na kanisa la Wareno. Angefanya hivyo tungemcheka. Mshairi wa kiume aliyefungwa huchukuliwa kuwa mwenye lugha yake. Mwanamke aliyejifunga leso huulizwa ameitoa wapi.

Tazama pia neno ambalo asili yake haina ubishi wowote: merikani, au amerikani. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sultani Sayyid Said. Neno linajieleza lenyewe. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliukata mkondo wa bidhaa hiyo, na kadiri karne ilivyokuwa ikielekea mwisho, viwanda vya Bombay vilichukua nafasi. Watu waliendelea kununua merikani, iliyofumwa India. Hapa etimolojia isiyo na doa inamdanganya anayeitegemea, kwa kuwa kilichobaki katika neno ni aina ya kitambaa, uzito wake, matumizi yake na hadhi ya anayekivaa. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi ladha ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ilivyowalazimu wenye viwanda wa ng'ambo kufuata matakwa yao. Wanaotaka kuandika sura ya usuli wangeanzia huko, kwa mnunuzi.

Neno kanga linahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndiko upotofu ulikojaa. Nimekutana na madai matatu.

La kwanza ni la tahajia. Vitabu vingi huandika khanga, na wanafunzi, hasa wa bara, huitazama kh hiyo wakasema, 'Naam, hili ni la Kiarabu,' kwa kuwa wamezoea kh ya khiyari na khalifa. Baadhi hulitamka hivyo, kooni, darasani, mbele ya wanafunzi waliotoka Mombasa ambao kwa adabu hunyamaza. Kh ya khanga ni k yenye mpumuo, sauti ile ile inayomtenganisha kaa wa pwani na kaa la moto katika masikio ya Mmvita, kama paa wa porini anavyotengana na paa la nyumba. Nayo imetoka wapi? Imetoka katika kanuni ile ile tuliyoiona katika leso na turufu. Nazali ya ngeli ilipomezwa mbele ya k, iliacha pumzi nyuma yake. Wachewa hawakuimeza, wao husema nkhanga, nazali na mpumuo pamoja, na wana maana ya ndege. Washona husema hanga, ndege yule yule. Alama inayoshukiwa kuwa ya Kiarabu ni kovu la Kibantu. (Kiswahili Sanifu hakiuandiki mpumuo, na waalimu wengi hawaufundishi, tunavuna tulichopanda.)

Dai la pili ni jibu kwa la kwanza, nalo limetoka kwa watu wenye nia njema. Husema kwamba kanga halihusiani na ndege wala Mwarabu, bali limetokana na kitenzi cha Kibantu kukanga, yaani kufunga au kuzungushia. Kitenzi hicho kipo kweli katika Kikongo, na Kilingala kina kokanga. Lakini je, Mswahili wa mwambao hulikanga vazi lake? Leso hufungwa, huvaliwa, na ya pili hujitandwa. Vitenzi hivyo vimo kinywani mwa kila mwanamke kutoka Lamu hadi Unguja, na hicho cha tatu kimo katika tasnifu za Ulaya na katika maelezo ya vibao vya maonyesho. Ni kweli kwamba kitenzi kinaweza kuzaa nomino ya ngeli hiyo, kama kuoa kulivyozaa ndoa, na ni kweli kwamba nomino hiyo ingekuwa na mpumuo ule ule. Kwa hiyo sauti haitupi hukumu. Hukumu inatolewa na matumizi. Anayetaka tuamini kwamba neno lilizaliwa mwambao katika karne ya 19 kutokana na kitenzi ambacho mwambao haukitumii kwa maana hiyo, ana deni la ushahidi ambalo hajalilipa.

La tatu ni la ndege mwenyewe, na hili tunalikubali, ila si kwa namna linavyosimuliwa. Doa jeupe juu ya weusi ni sababu tosha ya kulipa vazi jina la ndege. Mwambao uleule ulilipa vazi lingine jina la mdudu, buibui, na hakuna aliyekwenda kutafuta kitenzi cha Kikongo ili kulieleza. Tatizo ni mapambo yanayoongezwa: kwamba waliobuni jina hilo walikuwa wanaume, wakiwafananisha wake zao na ndege wapiga kelele. Hadithi hii hurudiwa kwa kicheko katika vitabu vya watalii, na sasa imeingia katika tasnifu ikiwa na tanbihi. Tanbihi inaelekeza kwenye kitabu cha watalii. Kwamba wanawake waliliona vazi lao kwa macho yao na kulipa jina wenyewe, kama wanavyoyapa majina mengine mpaka leo, ni jambo ambalo msimulizi hakulifikiria.

Madai haya yote, la Mreno, la Mwarabu na la kitenzi cha Kibantu, yanagombana kwa sauti kubwa lakini yanakubaliana katika jambo moja: kwamba vazi lina haki ya kujadiliwa likishapata cheti cha kuzaliwa. Hii ni athari ya mjadala wa zamani juu ya asili ya Kiswahili, ambao ulikuwa na sababu zake. Chiraghdin na Mnyampala waliandika Historia ya Kiswahili mwaka 1977 wakiwajibu watu waliodai kwamba lugha hii ni ya kuazima. Nurse na Spear mwaka 1985, kisha Mazrui na Shariff mwaka 1994, waliendeleza hoja kwa njia zao. Mjadala huo ulikwisha kujibiwa. Wahakiki wa leso wameuchukua mzizi wake wakaupandikiza katika kitambaa, na sasa kila neno la sandukuni lazima lijitetee.

Kama ni cheti kinachotakiwa, kipo, nacho hakikutafutwa kwa sababu kiko wazi mno. Neno nguo, ambalo Waamu na washairi wa kale walilitamka nguwo, ni lile lile la Wazulu, ingubo, na la Wakikuyu, nguo. B iliyobaki katika abantu ikawa w katika watu, na iliyobaki katika ingubo ikawa w katika nguwo. Archaeolojia nayo imesema. Kilwa na Shanga kumefukuliwa vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaelezea Waislamu wa Sofala wakizifumua nguo za buluu za Cambay ili kupata nyuzi za kufuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Yaani hata huyo Mreno tunayemlipa ushuru alikuta watu wanaofumua kilicholetwa na kukifuma watakavyo. Ushahidi wa namna hii unatosha, na hauhitaji kulitesa neno kanga ili likiri ukoo.

Tusiende bila ya kugusa suala la leso dhidi ya kanga, kwa ufupi, kwa kuwa linawaumiza wanafunzi wetu. Ukivuka Lungalunga kwenda Tanga, leso hunyauka likawa kitambaa cha kufutia jasho, kile ambacho sisi huku tunakiita hanchifu. Na vazi likawa kanga. Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928, na tangu hapo Mombasa imekuwa ikizungumza 'lahaja' nyumbani kwake. Mwanafunzi wa Mvita anayeandika leso husahihishwa kwa kalamu nyekundu, eti aandike kanga, kisha hutakiwa aeleze kwa nini lenço ni muhimu kwa neno ambalo hakuruhusiwa kulitumia. Makala haya yanatumia leso, na hayaombi radhi.

Tuje sasa kwenye kile ambacho ushuru wa Wareno unatuzuia kukifikia. Kitambaa cha leso kina pindo, mji, na maandishi. Maandishi hayo huitwa jina. Wahakiki wetu huyaita methali, misemo, ujumbe, na siku hizi matini. Kisha hukusanya mia mbili, huyapanga kwa maudhui, mapenzi huku, wivu kule, dini mwisho, na huandika mbele ya kila moja 'maana' yake. Hakuna anayesimama kuuliza kwa nini wenyewe walichagua neno jina. Msemo husemwa, ujumbe hupelekwa, jina hupewa kitu ili kiweze kuitwa. Mnunuzi huingia dukani akaiomba leso kwa jina lake, kama mtu amwitavyo mtu. Hapo sentensi nzima, yenye kiima na kiarifa, inafanya kazi ya nomino. 'Wema hauozi' ukiwa methali una maana ambayo mwalimu yeyote ataieleza. Ukiwa jina la leso aliyopewa mke mwenza siku ya arusi, haueleweki mpaka tujue nani amempa nani, mbele ya nani, na nani amegeuza uso. Saida Yahya-Othman alilionyesha hili mwaka 1997, na Rose Marie Beck alilichunguza kwa mapana mwaka 2001: mvaaji husema bila ya kusema, na akiulizwa anaweza kukana kwamba amesema. Orodha za mia mbili zimeendelea kuandikwa kana kwamba kazi hizo hazikuchapishwa.

Etimolojia na orodha ni ugonjwa mmoja. Yote mawili huamini kwamba maana imo ndani ya neno, ikingoja kutolewa kama kokwa, na kwamba aliyelitumia ni mpitaji tu. Ndiyo maana tasnifu ile ile huanza na lenço na kuishia kwenye jedwali.

Watakaotupinga watasema kwamba bila ya historia uhakiki huelea. Tunakubali, na ndiyo maana tunalalamika kwamba historia iliyoletwa siyo. Laura Fair, katika kitabu cha mwaka 2001, ameeleza jinsi wanawake wa Unguja waliotoka utumwani walivyozitupa kaniki na merikani, nguo za watumwa, wakajivika kanga zenye rangi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Leso zenye nakshi zilipokuwa zikienea ndipo maelfu ya wanawake walipopata kuchagua nguo kwa mara ya kwanza, na kuwa na jina la kuchagua. Hiyo ndiyo maana ya leso katika miaka hiyo, na haimo katika lenço. Au tuchukue Mombasa yenyewe. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na leso zake zikawa na alama 'K.H.E. – Mali ya Abdulla'. Basi juu ya kitambaa kimoja pana maandishi mawili. Moja, dogo, ladai kwamba hii ni mali ya mwanamume fulani mwenye duka. La pili, kubwa, lililo katikati, ni jina, na hilo huwa la yule aliyelivaa na kulielekeza anakotaka. Sijaona bado tasnifu iliyoyasoma maandishi hayo mawili pamoja.

Wala sijaona iliyouliza habari ya hati. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Baadaye yakaandikwa kwa hati ya Kilatini. Sura za usuli hulitaja badiliko hili kwa sentensi moja, kama linalohusu mitambo ya wachapaji. Lakini mwanamke wa Mombasa au Lamu aliyepitia chuoni alizijua herufi za Kiarabu. Mwana Kupona, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa wa jamii ambamo mwanamke angeweza kusoma na kutunga kwa hati hiyo. Skuli za serikali zilichelewa kumpokea binti wa Kiislamu, na wazazi wengi walichelewa kumpeleka. Kwa hiyo hati ilipobadilika, pindo kwa pindo, kulikuwa na wanawake waliokuwa wakiyasoma majina wenyewe na ambao sasa walihitaji kusomewa, labda na mtoto, labda na muuza duka. Ni nani basi aliyekuwa akilichagua jina katika miaka hiyo ya kati, na alikuwa akilichagua kwa kulisoma au kwa kulisikia? Leso za hati zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho na katika masanduku ya familia, na baadhi ya waliozivaa bado wana mabinti walio hai. Mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamifu ataipata huko, na anaweza kuanza kuiandika katika ukurasa wa kwanza.